Upepo wa Ndani ya Tairi na Upepo wa Nje ya Gari

Gari likianza kula mafuta kuliko kawaida, wengi hukimbilia plagi, nozeli na dawa za kumimina kwenye tangi. Anza na upepo: ule uliomo ndani ya matairi, na ule unaopigana na bodi gari likiwa mwendoni. Wa kwanza unahitaji geji ya bei ndogo na dakika kumi. Wa pili, mara nyingi, unahitaji spana namba 10 na moyo wa kufungua vitu ulivyofunga kwa urembo.

Tairi likipungua upepo, sehemu inayokanyaga lami hubonyea zaidi, na mpira hukunjwa na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka. Kukunjwa huko huzaa joto, na joto hilo umelilipia sheli. Shika ubavu wa tairi lililopungua baada ya safari, utalikuta la moto kuliko wenzake. Kwa hesabu za Idara ya Nishati ya Marekani, kila PSI 1 (PSI ndicho kipimo cha upepo kwenye geji) inayopungua kwenye matairi yote manne hula takriban asilimia 0.2 ya mafuta. Kwa hiyo ukipungukiwa PSI 8 kote unapoteza asilimia 1.6, yaani kama lita 0.64 kwenye kila lita 40. Si kiasi cha kutangazia watu, na anayekuahidi robo tangi kwa kujaza upepo tu anakudanganya. Lakini tairi hilohilo linaisha mabega ya pembeni kabla ya wakati, na likichemka na mzigo juu yake linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Kwa sababu hizo tatu pamoja, sioni kazi nyingine kwenye gari inayolipa hivi kwa gharama ndogo namna hii.

Kiasi cha upepo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye gari lenyewe. Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko kwenye nguzo au ukingo wa mlango. Magari mengi yetu yametoka Japani, maandishi ni ya Kijapani, ila namba zinasomeka: ziko kwa kPa (kilopaskali), au kwa kgf/cm² (kilo kwa sentimita ya mraba). Gawanya kPa kwa 6.9 upate PSI: 220 ni 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Zile za kgf/cm² zidisha kwa 14.2. Angalia pia saizi ya tairi iliyoandikwa hapo, kwa sababu namba ni ya saizi hiyo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi, kwa mfano MAX PRESS 44 PSI, ni mwisho wa uwezo wa tairi. Si kiasi cha kujaza, ingawa kuna mafundi wanaoijaza hivyo kila siku.

Kosa kubwa zaidi ni kupima tairi likiwa la moto. Chukua gari lililotoka Chalinze saa saba mchana likaingia sheli Dar. Asubuhi matairi yalikuwa na PSI 32 sawasawa; sasa geji inasoma 36. Kijana wa upepo anaona umezidi, anabonyeza valvu, pssss, anatoa nne. Usiku tairi linapoa, kesho yake una 28, na wewe unaamini umejaza jana. Joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, upepo hupanda karibu PSI 2, na tairi lililokimbia lami ya mchana hupanda zaidi ya hapo. Kupanda huko mtengenezaji ameshakuhesabia. Tairi la moto halitolewi upepo.

Pima alfajiri, gari likiwa limelala angalau saa tatu, kabla jua halijapiga upande mmoja. Bonyeza geji wima hadi ule mlio ukatike. Ukiendelea kusikika hata kidogo, usomaji si wa kweli. Andika namba za matairi yote manne. Sheli ikiwa mbali, usihangaike na namba utakazozikuta kule, ongeza tofauti tu: nyumbani ulikuwa na 27 na unataka 32, sheli tairi limepata moto na linasoma 30, basi jaza hadi 35. Hakikisha kesho asubuhi kwa geji yako mwenyewe, maana geji za sheli zinaangushwa chini kutwa nzima na hazipatani. Kisha weka tone la maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu. Povu likitoka, sindano ya valvu imelegea au imechoka. Ni kitu cha bei ndogo, ibadilishe, halafu funga kifuniko ili mchanga usiingie. Usisahau spea: ile nyembamba iliyoandikwa T huhitaji PSI 60 (420 kPa), na nyingi hukutwa karibu tupu siku ya pancha.

Rudia kila wiki mbili, kwa sababu hata tairi zima hupoteza PSI 1 hadi 2 kwa mwezi. Gesi ya naitrojeni ya kulipia haitakupunguzia mafuta. Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78.

Je, uzidishe kidogo ili gari liteleze vizuri? PSI 2 hadi 3 juu ya kibandiko, kwa safari ya lami, hazina ubaya. Wanaojaza 45 kwenye gari dogo wanapata tairi linalokanyaga kwa katikati tu: katikati inaisha, na breki zinakuwa ndefu. Kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi rudi kwenye kibandiko, la sivyo bushi na shokabu zitalipa kile ulichookoa kwenye mafuta.

Sasa upepo wa nje. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa mwendo umeongezeka robo, lakini upepo unaokusukuma nyuma umeongezeka kwa asilimia 56. Ukifika 120 ni mara mbili na robo ya ule wa 80. Ndiyo maana marekebisho ya bodi hayana faida kwenye foleni, na ndiyo maana kwa msafiri wa mbali kushusha mwendo kunashinda kila kifaa nitakachotaja.

Cha kwanza kufungua ni keria ya juu ya paa. Idara ileile ya Marekani inasema sanduku kubwa la juu ya paa hula asilimia 2 hadi 8 mjini, na 6 hadi 17 kwenye barabara kuu. Hata keria tupu, zile nondo mbili zinazolia ukifika 70, zinakata upepo bure. Mzigo ukiingia ndani au ukafungwa nyuma ya gari, uweke huko. Ngao ya mbele na taa za ziada juu ya paa zina hesabu hiyohiyo. Vioo vya madirisha vifungwe ukivuka 80. Mjini vifungue utakavyo.

Halafu ingia chini ya gari. Magari mengi yalikuja na plastiki inayofunika chini ya injini. Fundi huifungua akimwaga oili, klipu mbili zinavunjika, anafunga kwa waya, na baada ya miezi ukingo wa mbele umening'inia na unameza upepo kama tanga la jahazi. Hapo ni afadhali isingekuwapo kabisa. Nunua klipu mpya, au tumia bolti za milimita 6 zenye washa pana. Kama plastiki imepotea, bati la alumini la milimita 1 hadi 1.5 linafaa. Acha tundu la nati ya sampo (ile ya kumwagia oili) na la filta ya oili, na kaa mbali na egzosi. Ukiunga vipande viwili, cha mbele kipite chini ya cha nyuma ili upepo usipate ukingo wa kushika. Usitumie plaiwudi wala kadibodi: zinanyonya oili, na egzosi iko jirani, moto unaweza kuwaka.

Kuna ushauri kutoka nchi za baridi wa kuziba sehemu ya grili ili upepo usiingie kwenye injini. Kwetu usiufuate. Gari lililojaa, AC ikiwa imewashwa, likipanda mlima Kitonga linahitaji kila tundu la rejeta. Spoila za dukani nazo nyingi zinaongeza uzito na ukinzani wa upepo, basi. Mwenye pikapu asishushe mlango wa nyuma akidhani upepo utapita: ukiwa umefungwa, hewa huzunguka ndani ya bodi na ule wa juu huteleza juu yake.

Pima faida kwa kujaza tangi hadi pampu ikate mara ya kwanza, ukitembea, kisha ujaze tena kwenye pampu ileile. Kilomita 420 kwa lita 35 ni 12 kwa lita. Tangi moja halithibitishi kitu, kwani pampu ikikata mapema au ikichelewa kwa lita moja tu, jibu limeshayumba kwa karibu asilimia 3. Chukua matangi matatu kabla na matatu baada, badilisha kitu kimoja kwa wakati, na kama umevaa matairi makubwa rekebisha kilomita kwanza: kutoka 185/65R15 kwenda 195/65R15, dashibodi husoma pungufu kwa takriban asilimia 2.