Kukaa kimya mbele za Mungu, chini ya Kibo na Meru: ushauri kwa anayeanza

Kula kwanza, na uwe umelala vya kutosha. Wengi wanaoanza kutoka kwenda kumsikiliza Mungu mahali pa miti na maji hukesha usiku uliotangulia, hufunga chakula siku hiyohiyo, kisha alfajiri wanapandisha mlima. Wanachopata ni kichwa kuuma na usingizi. Kabla hujatoka nyumbani soma polepole 1 Wafalme 19. Eliya alipojilaza chini ya mti wa mretemu akiomba afe, malaika hakuanza na ujumbe mzito. Alimwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Kufunga kuna mahali pake na hatukuzuii, ila kwa wiki zako za kwanza kunywa kikombe cha uji na ule ndizi mbili. Mwenye njaa kali hupata shida kutenganisha uchungu wa moyo na uchungu wa tumbo.

Jambo la pili ulijue mapema, kwa sababu ndilo linalowapoteza watu: mto, msitu na mlima havitakupa Neno jipya. Kazi ya utulivu ni kupunguza kelele za nje mpaka uzisikie za ndani, na hizo za ndani zikishachoka, lile neno ulilolisoma ukalipita hupata nafasi. Kwa hiyo usitoke mikono mitupu. Chukua mstari mmoja, au kisa kimoja kifupi, ukiwa umekisoma tangu jana yake. Sura nzima ni nyingi mno. Zaburi ya 121 inawafaa sana wakazi wa huku Moshi na Arusha, mradi usiishie mstari wa kwanza. Mtunzi anayainua macho aitazame milima, halafu anauliza msaada wake utatoka wapi. Jibu linakuja mstari unaofuata, kwamba msaada u katika BWANA aliyezifanya mbingu na nchi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikifunguka asubuhi, nyeupe, hakuna wingu, moyo unaruka, na ni haki yake kuruka. Mshukuru Mungu, kisha endelea hadi mstari wa pili.

Kuhusu mahali, anza karibu kuliko unavyotaka. Kwa mtu wa Machame, Kibosho, Marangu au Old Moshi, kihamba cha nyumbani kinatosha kabisa: migomba, mibuni, kivuli cha mruka au mringaringa, na pengine mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, unaopita na maji yake. Mahali unapopafahamu hapakuletei maswali ya usalama, na ndege wake umeshawazoea. Tatizo la kihamba ni watu. Watoto watakufuata, jirani ataona umekaa peke yako migombani na kudhani una msiba. Waambie wa nyumbani waziwazi: naenda kuomba, nitarudi saa fulani. Ikiwa shamba ni la mtu mwingine, piga hodi, mwamkie mzee au mama wa boma, omba ruhusa. Ukishapewa, usikate jani wala kung'oa kitu, na uliza mpaka uko wapi. Safu ya masale, mimea ya majani marefu, pembeni ndiyo mpaka mara nyingi, nayo haichezewi.

Aliyeko mjini Moshi ana msitu wa Rau. Ni msitu unaonyweshwa na maji ya ardhini, una chemchemi na mivule mikubwa, na mbega wako juu ya miti. Udongo wake ni tepetepe na pembeni kuna majaruba ya mpunga, hivyo mbu ni wengi: vaa mikono mirefu, soksi, na ujipake dawa ya mbu kabla hujaingia, maana ukianza kujipiga makofi dakika ya tano kimya kimekwisha. Kwa Arusha tunapenda ziwa Duluti pale Tengeru. Ni ziwa dogo la kreta, limezungukwa na msitu, na njia ya miguu inalizunguka. Nenda siku ya kazi asubuhi. Mwishoni mwa wiki huja vikundi na muziki wao. Kenge wakubwa hupita majanini kwa kishindo kinachomshtua mgeni. Kaa mbali nao, wataondoka. Sehemu zote mbili ni misitu ya hifadhi, kwa hiyo ulizia kiingilio na saa za kufungua kabla ya siku yenyewe, ili usianze sala yako kwa kubishana na mtu wa getini.

Usiende peke yako kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha wala kwenye msitu wa juu wa Kilimanjaro ukidhani imani itakuvusha. Ngurdoto na Momella kuna nyati, na mtu wa miguu hutembea na askari mwenye silaha. Nyati mmoja aliyejitenga kichakani hana habari kwamba unaomba.

Sauti ya maji ni msaada mkubwa. Inafunika bodaboda, mashine ya kusaga na spika za mbali, na sikio halipati cha kufuata. Lakini chagua pa kukaa kwa akili. Mito inayoshuka Meru na Kilimanjaro hupanda ghafla mvua ikinyesha juu, hata kama ulipokaa kuna jua. Maji yakibadilika rangi kuwa ya tope, au yakianza kuleta majani na vijiti, ondoka, panda juu papo hapo, sala utaimalizia huko. Kaa walau mita tatu juu ya usawa wa maji, na usikae kwenye jiwe la katikati hata likipendeza vipi. Chini ya mikaratusi mikubwa pia usikae, matawi yake huanguka bila upepo. Tazama ardhi kwa dakika nzima kabla ya kuketi: msafara wa siafu ni mwembamba na hauonekani haraka, hasa baada ya mvua. Kwenye majani marefu kuna kupe, na kwenye vichaka kuna upupu.

Wanawake, na hata vijana wa kiume wasioijua sehemu, waende wawili. Mkae hatua 30 hivi mmoja na mwenzake, mnaonana lakini hamsikilizani pumzi, na mkubaliane kutosema neno mpaka muda uishe. Atakayevunja makubaliano ni yule mwenye neno la kutia moyo. Mwambieni alitunze.

Saa nzuri ni kati ya 12:30 na 2:30 asubuhi. Kumeshapambazuka, njia inaonekana, na kwa upande wa Moshi mlima mara nyingi uko wazi kabla mawingu hayajaupanda. Yesu alitoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipo na watu, Marko 1:35 inasema, ila wewe mgeni wa njia usitembee gizani kwa sababu ya aya hiyo. Mwezi wa sita hadi wa nane Arusha ina baridi na mawingu ya chini, na umande haukauki mpaka saa nne. Beba sweta, na mfuko wa salfeti uliosafishwa wa kukalia, kanga juu yake. Makalio yakilowa hutakaa dakika kumi. Vingine ni nusu lita ya maji, daftari dogo, kalamu mbili na saa ya mkononi. Simu iache nyumbani, au izime kabisa na kuiweka chini ya begi ikiwa unaihitaji kwa usalama. Kuiweka kimya hakutoshi, mkono utaifuata. Hata Biblia ya kwenye simu iache, andika mstari wako kwenye karatasi.

Sasa muda wenyewe. Nusu saa inatosha mwezi wa kwanza, mara mbili kwa wiki. Mtu anayeanza na saa tatu Jumamosi moja haendi Jumamosi inayofuata.

Dakika tano za mwanzo toa mizigo. Andika kila kinachokimbia kichwani: ada, deni la kikundi, mgonjwa, neno ulilojibiwa vibaya jana. Usikiombee bado, kiandike tu na ufunge daftari. Kikirudi, na kitarudi, kina mahali pake tayari. Dakika kumi zinazofuata tumia macho na masikio. Hapa wengi wanaona aibu kama vile si ibada, lakini Bwana mwenyewe alisema waangalieni ndege wa angani, na neno aliloagiza ni kutazama. Chagua kitu kimoja kidogo: ndege chozi anayenyonya ua la mgomba, chungu anayebeba, jani moja na mishipa yake. Kisha sikiliza sauti moja moja, ya mbali kwanza halafu ya karibu, kwarara anayepita akipiga kelele, maji, pumzi yako. Hutafuti maana. Unafundisha mwili wako kuwepo pale ulipo, kwa kuwa akili iliyoko benki au kwenye daladala haiwezi kusikiliza.

Kisha dakika kumi na mstari wako. Usome kwa sauti ndogo mara tatu, ukinyamaza kati ya kila mara. Neno litakalokushika, kaa nalo. Sema, kama Eli alivyomfundisha Samweli, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia," kisha unyamaze kweli. Usijaze nafasi kwa kunena wala kwa wimbo. Zile tano za mwisho andika, kwa sentensi fupi, kilichokujia pamoja na tarehe na mahali. Kama hakuna kilichokuja andika hivyo: leo sikusikia kitu. Daftari la mwanafunzi mwaminifu lina kurasa nyingi za namna hiyo, na siku ile haikupotea. Ulikaa mbele za Mungu nusu saa.

Ukisinzia, usijihukumu. Mwili umelipa deni lake. Wiki inayofuata lala mapema, na badala ya kuketi tembea hatua za polepole, ishirini kwenda na ishirini kurudi. Isaka alitoka kondeni wakati wa jioni kutafakari, na hakuna anayejua alikuwa amekaa au anatembea.

Lililo gumu zaidi ni ishara, na hapa tunasema kwa uzito. Ndege akitua mbele yako, jani likianguka kwenye ukurasa, wingu likifunguka ulipotaja jina la mtu, usilifanye jibu. Tulikulia kwenye jamii zinazosoma mlio wa bundi na mnyama aliyevuka njia, na ni rahisi sana kuubeba ule usomaji tukaubatiza. Uumbaji watangaza utukufu wa Mungu, Zaburi 19 inafundisha hivyo. Hautangazi umwoe nani wala kiwanja gani ununue.

Basi sauti ya Mungu ni ipi? Kwa kawaida haiji masikioni. Huja kama neno la Maandiko linalokataa kukuacha, au kama jambo dogo la wazi unalojua unapaswa kulifanya na ulikuwa unaliahirisha. Lipime. Je, linapatana na Maandiko yote, au umeokota aya moja? Linakuhukumu kwa jambo mahususi lenye njia ya kutubu, au linakuambia tu kwamba wewe hufai? Hilo la pili si la Mungu. Linakuharakisha? Hofu na tamaa hupenda haraka. Je, linasema juu yako, au juu ya makosa ya mama mkwe? Ukisikia sana habari za wengine, anza upya. Na usimwambie mtu yeyote "Bwana ameniambia wewe ufanye hivi." Uamuzi mkubwa, kama kuacha kazi, kuuza shamba au kuchumbia, usiufanye kwa kilichokujia asubuhi moja. Uandike, urudi nao wiki nne, kisha umpelekee mchungaji, padri, mzee wa kanisa au mama wa maombi unayemwamini, mwenye ujasiri wa kukukatalia. Hata Samweli alikosea mlango mara tatu, na aliyemwelekeza alikuwa mtu.

Mambo madogo usiyangoje. Kama kilichokujia ni kupatana na ndugu mliyegombana kwa ajili ya mpaka, nenda wiki hiyohiyo. Uchagani sale bado linajulikana kama jani la kuombea msamaha; ukilishika mkononi mzee ataelewa hujaja kubishana.

Neno la upendo kwa mwenye kusikia sauti kabisa, kama za watu, zinazomwamuru ajidhuru au adhuru mwingine, au zisizomwacha alale: usiende porini peke yako, na usiache dawa ulizoandikiwa. Nenda hospitali, ukisindikizwa na mtu wa nyumbani. Kumwombea na kumtibu vinakwenda pamoja.

Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, masika, njia za mteremko huteleza na mito hujaa, kwa hiyo hamishia kikao chako barazani. Mvua kubwa kwenye bati itafunika kila kitu, hata sauti yako mwenyewe ukisoma, na wengi huona huo ndio msimu wao bora. Weka kiti mgongo ukielekea mlango, watoto wajue baba au mama akikaa hivyo haitwi mpaka ainuke.