HDL ya juu haiifuti LDL

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 54, natumia dawa za presha. Kipimo cha mafuta kwenye damu kimeonyesha kolesteroli jumla 7.1, LDL (ile kolesteroli "mbaya") 4.6, HDL (ile "nzuri") 2.0 na trigliseridi 1.1. Nikaandikiwa atorvastatini 20 mg, dawa ya kushusha LDL. Shemeji ananiambia HDL yangu ni ya juu kwa hiyo inasafisha ile mbaya, na hata karatasi ya maabara inasema uwiano wa kolesteroli jumla kwa HDL, 3.6, ni wa kawaida. Vidonge nimeviacha, wiki ya tatu sasa. Nakunywa juisi ya balungi na kutafuna kitunguu saumu. Nipime tena lini?

JIBU: Marahaba. Ukipima leo utatupa hela, maana dawa imeshatoka mwilini na LDL imerudi ilikokuwa. Acha balungi, rudi kwa aliyekuandikia dawa muanze upya, kisha upime baada ya wiki 6 hadi 12. Kwa dozi hiyo LDL hushuka kwa takriban asilimia 40, yaani kwako itakaribia 2.8. Isiposhuka, swali la kwanza ni kama vidonge vinamezwa kila siku.

Sasa huo uwiano. Kila wiki naletewa karatasi kama yako, na mwenye nayo ameshaambiwa yuko salama. 7.1 ukigawa kwa 2.0 unapata namba nzuri kwa sababu kigawanyo ni kikubwa, basi. LDL 4.6 iko palepale. Chembe za LDL hupenya utando wa ndani wa ateri, hunasa ukutani, seli za ulinzi huzimeza hadi zinavimba mafuta. Kinachohesabika ni wingi wa chembe hizo na miaka zinayopita hapo. Toa HDL kwenye kolesteroli jumla: 5.1, yaani kolesteroli yote iliyo nje ya HDL. Hiyo ndiyo namba ya kuikodolea macho.

Kipimo cha HDL kinakuambia imebeba kolesteroli kiasi gani, hakikuambii inaipeleka wapi. Pombe nayo hupandisha HDL. Sijaona anayeiita dawa ya moyo akiwa hajainywa. Na wazo la kuipandisha HDL ili kuokoa moyo lilishajaribiwa kwa fedha nyingi. Dawa iitwayo torsetrapibu iliipandisha kwa zaidi ya asilimia 70 kwa wagonjwa. Desemba 2006 utafiti wenye watu zaidi ya 15,000 ukasimamishwa kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wakifa zaidi ya wasiopewa. Mwaka 2012 watafiti wa jeni wakaonyesha kuwa waliozaliwa na badiliko linalopandisha HDL peke yake hawakupata nafuu yoyote ya shambulio la moyo. LDL ni kinyume: kila mmol 1 kwa lita (ndicho kipimo cha namba zako) inayoshushwa na statini, kundi la dawa ambalo atorvastatini yako imo, hupunguza mashambulio ya moyo na viharusi kwa takriban moja ya tano.

Kitunguu saumu kilipimwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, matokeo yakatoka 2007: kibichi, sawa na punje moja ya wastani, siku sita kwa wiki, miezi sita. LDL haikutikisika. Kwenye mchuzi kiendelee. Balungi ndilo linalonitia wasiwasi: huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja atorvastatini, kwa hiyo ukinywa juisi nyingi huku unameza vidonge, dawa hupanda kwenye damu kuliko dozi uliyoandikiwa.

Wauzaji wa "kusafisha mishipa" wanawachorea watu bomba la sinki lililoziba mafuta. Mafuta ya ateri hayajagandia ndani ya bomba. Yamo ndani ya ukuta wenyewe, yamefunikwa na utando. Hakuna kinywaji kinachopita kuyakwangua. Na mteja hawezi kujua kama ametapeliwa, kwa kuwa LDL ya 4.6 haiumi wala haiwashi.

Kuna unga mmoja wa "asili" unaoshusha kweli: mchele mwekundu uliochachushwa. Unashusha kwa sababu una monakolini K, ambayo ni lovastatini ileile, statini nyingine ya vidonge, ila kiasi kilichomo hubadilika kopo hadi kopo. Anayeuchanganya na vidonge vyake anameza statini mbili bila kujua. Misuli ikianza kuuma na kulegea, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, acha vyote na uende hospitali siku hiyohiyo, na hilo kopo ulibebe.