Ukirudi kutoka Tennessee mwezi wa kumi, pitia milimani

Kutoka Knoxville, Tennessee, hadi kwetu pembezoni mwa Washington, ukishika barabara kuu ya I-81 unafika kwa saa nane hivi. Ndiyo njia ya wengi wetu tukitoka harusini au msibani huko kusini: unajaza mafuta, unakaza mwendo, usiku uko kitandani kwako. Lakini kama ni Oktoba na una siku tatu mkononi, nakusihi uiache barabara hiyo upande mlimani.

Njia yenyewe inaanzia Cherokee, North Carolina, kwenye lango la kusini la hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains. Inaitwa Blue Ridge Parkway, na inafuata mgongo wa milima kwa maili 469, yaani kilomita 755, hadi Rockfish Gap, Virginia. Inapoishia ndipo inapoanza Skyline Drive, maili 105 nyingine ndani ya hifadhi ya Shenandoah. Ujenzi wa Parkway ulianza 1935 na kipande cha mwisho, kinachozunguka ubavu wa Grandfather Mountain na chenye daraja la Linn Cove, kikakamilika 1987. Malori ya biashara hayaruhusiwi humo, na mabango ya matangazo huyaoni.

Kila mwaka ndugu na marafiki huniuliza: majani yanageuka rangi tarehe ngapi? Jibu langu ni kwamba usihangaike na tarehe, angalia kimo. Usiku ukiwa mrefu na baridi ikianza, mti huacha kutengeneza ule ukijani wake. Njano iliyokuwa imefichika ndani ya jani inajitokeza, na baadhi ya miti hutengeneza wekundu juu yake. Baridi huanzia juu, na kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo mwanzoni mwa Oktoba rangi ziko vileleni, kama Richland Balsam, ambapo Parkway inapita kwenye kimo cha mita 1,845. Katikati ya mwezi zimeshuka hadi maeneo ya mji wa Blowing Rock, na mwishoni mwa mwezi ziko mabondeni. Ukikuta juu matawi yamebaki matupu, usinung'unike. Endesha nusu saa kuteremka, utazikuta. Ukikuta chini bado kijani, panda.

Ukisimama, sogea karibu na mti. Chukua jani la maple lililo nusu njiani: pembeni limeshakuwa jekundu kama pilipili iliyoiva, na bado kijani kimeng'ang'ania kwenye mishipa. Watoto wangu hushindana kutafuta la namna hiyo, na hapo hata simu wanazisahau.

Siku tatu hazitoshi kuimaliza njia yote kwa raha, wala huna haja ya kuimaliza. Mwendo wa juu ni maili 45 kwa saa kwenye Parkway na 35 kwenye Skyline Drive, na kona ni nyingi. Mimi napenda kuigawa hivi: siku ya kwanza Smoky hadi Asheville, ya pili Asheville hadi Blowing Rock, na ukipenda unachepuka kwenda Mount Mitchell, mlima mrefu kuliko yote mashariki ya mto Mississippi, mita 2,037. Kisha unashuka kushika I-77 na I-81, unalala Waynesboro, mji ulio karibu na Rockfish Gap, na siku ya tatu yote unaipa Shenandoah. Uzuri wa kutoka kusini ni kwamba unaingilia Rockfish Gap, wakati msongamano wa watu wa Washington uko kwenye malango ya kaskazini. Kiingilio ni dola 30 kwa gari, na kinatumika siku saba. Smoky hawatozi kiingilio, ila ukiegesha zaidi ya dakika 15 lazima uwe na stika ya maegesho: dola 5 kwa siku.

Jambo moja tafadhali usilipuuze. Kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliharibu vibaya Parkway upande wa North Carolina, na ukarabati wake ni wa muda mrefu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, fungua tovuti ya hifadhi za taifa, nps.gov, uone kipande kipi kimefungwa. Fanya hivyo ukiwa bado hotelini, kwa sababu juu huko mtandao haushiki sehemu nyingi. Ramani ipakue mapema. Mafuta nayo jaza mjini. Kwenye Parkway hakuna kituo hata kimoja.

Kuteremka ni kwa gia. Aliyewahi kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo ananielewa. Gari za otomatiki nazo zina gia ndogo, itumie, breki zipumzike.

Chakula beba. Chapati, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai, na sweta kwa kila mtu hata kama bondeni kuna jua. Mkimaliza kula, kila kitu kirudi ndani ya gari na madirisha yafungwe, maana dubu ni wengi na pua zao ni kali. Smoky mtaona pia elk, kulungu wakubwa waliorudishwa hifadhini kuanzia 2001, hasa asubuhi na jioni kwenye uwanda wa Oconaluftee. Msimu huu madume yana hasira ya kugombea majike. Sheria inataka ukae mbali nao mita 45 au zaidi, na dubu vivyo hivyo. Picha ipige kwa kuvuta kamera, si kwa kusogea.

Siku ya mwisho panga uwe umetoka Skyline Drive kabla giza halijaingia, kwa sababu jioni kulungu wadogo huvuka barabara bila kuangalia. Ukiona umechelewa, usilazimishe kufika Front Royal, inakoishia Skyline Drive upande wa kaskazini. Toka kwa lango la Thornton Gap, shika barabara ya 211 kuelekea mashariki, itakupeleka Warrenton.