Ajibiwe, asikatizwe

Mmeuliza wiki hii kama mtoto mdogo anayekosea maneno arekebishwe papo hapo au aachwe. Mimi ni mwalimu wa chekechea, na jibu langu ni kwamba ajibiwe.

Chukueni kosa ninalolisikia sana kwa watoto wa miaka mitatu, minne. Mtoto anasukuma sahani na kusema, "Sikuli." Mzazi anaona mwanawe hajui Kiswahili, kumbe anakijua mno! Amesikia nalala na silali, nataka na sitaki, nacheza na sichezi, akajitungia kanuni: ondoa na-, weka si-, irabu ya mwisho iwe i. Ukiipitisha nakula kwenye kanuni hiyo, unapata sikuli. Kilichobaki ni kugundua kwamba vitenzi vifupi kama kula na kunywa hudondosha ku- hapo, na hilo atalipata kwa kusikia.

Mwaka 1958 Jean Berko, mtafiti Mmarekani wa lugha ya watoto, aliwaonyesha watoto mchoro wa kiumbe cha kubuni chenye jina la kubuni, kisha viwili, akawaachia wamalizie sentensi. Wengi walitaja wingi sawasawa wa neno ambalo hawakuwahi kulisikia. Jaribuni nyumbani: chora kidude, sema ni kibumu, ongeza cha pili, uliza, "Na hivi?" Mtoto akijibu vibumu, hajakariri, amejenga mwenyewe.

Sarufi ni sehemu moja tu. Sauti huitangulia: mtoto husikia tangu tumboni, kwenye miezi sita hivi huanza ba-ba-ba, na anapokaribia mwaka sikio lake limeshaegemea lugha ya nyumbani. Kwa hiyo wa miaka miwili akisema "maki" badala ya samaki, au "habali", hamna la kuhofia. Maana nayo hutanuka na kusinyaa. Kwa muda hata mbuzi ataitwa paka. Matumizi huchelewa zaidi. Shikamoo inatamkwa vizuri kabisa, ila anapewa mdogo wake aliye mgongoni kwa mama.

Basi akisema sikuli, mjibu: "Kumbe huli? Hata mimi nikishiba sili. Unataka maji?" Umbo sahihi limepita masikioni mwake, na mazungumzo hayajakatika. Kinachoniuma ni ile ya "Sema sili! Rudia!" mbele ya wageni, watu wanacheka. Watoto wa namna hiyo hunijia darasani wakijibu kwa kutikisa kichwa, na huchukua muda mrefu kuwarudishia hamu ya kusema.

Kukosea, basi, si tatizo. Ukimya ndio wa kufuatiliwa. Mtoto wa mwaka mmoja asiyebwabwaja wala kunyoosha kidole kuonyesha kitu, wa mwaka mmoja na nusu asiye na neno hata moja, wa miaka miwili asiyeunganisha mawili kama "mama maji", apelekwe kliniki, na masikio yapimwe mapema. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara linaweza kupunguza usikivu, na asiyesikia vizuri atayaokota wapi maneno? Nimeona familia zikingoja kwa kuwa "hata baba yake alichelewa kusema". Tafadhali msingoje mpaka aanze shule.