Kwa nini glibenklamidi hushusha sukari hata kama mtu hajala

Mkuu, umeuliza inakuwaje baba yako akimeza glibenklamidi, kidonge cha kisukari, anatetemeka na kutoka jasho, wakati jirani yenu anayetumia metformini, dawa nyingine ya kisukari, hayamkuti hayo. Mimi yalimkuta mama.

Asubuhi alimeza kidonge chake cha miligramu 5, uji akasema hana hamu nao. Saa tano nikamkuta mkekani, kanga imelowa jasho, ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Glukomita, kile kipima sukari, ikasoma 2.4 mmol/L, yaani sukari imeshuka mno. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza, nikampa maji yenye sukari. Baada ya robo saa, 4.6.

Daktari alinieleza hivi. Kwenye kongosho kuna seli za beta, ndizo zinazotoa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Ukila, sukari inaingia ndani ya seli hizo na kuunguzwa, inapatikana nishati inayoitwa ATP. ATP ikiongezeka, vilango vya potasiamu kwenye utando wa seli vinajifunga. Hapo umeme wa utando unabadilika, vilango vya kalsiamu vinafunguka, kalsiamu inaingia, na vifuko vya insulini vinamwagwa kwenye damu. Yaani seli haimwagi mpaka ipate habari kwamba kuna sukari.

Glibenklamidi haingoji habari hiyo. Inakwenda yenyewe kuvifunga vilango vya potasiamu, na insulini inamwagika hata tumbo likiwa tupu. Metformini haigusi vilango hivyo, kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisitoe sukari nyingi.

Kuna watoto wanaozaliwa na vilango hivyo vikiwa vimegoma kufunga, wanapata kisukari wakiwa wachanga. Mwaka 2004 iligundulika kwamba wengi wao wana hitilafu kwenye jeni la KCNJ11, linalohusika na kutengeneza vilango hivyo, na baadaye wengi wakaacha sindano za insulini, wakatumia vidonge vya kundi hilihili la glibenklamidi. Mimi jambo hilo linanigusa kila nikilikumbuka.

Na wanaosema "mwili umeizoea dawa" pale inapoacha kushusha sukari, mara nyingi ni seli za beta zimepungua. Ukifunga vilango vya seli isiyo na insulini ya kutosha, hutapata kitu.

Mzee wako apimwe figo. Zikiwa dhaifu, dawa hii inakaa mwilini muda mrefu zaidi, ndiyo maana ukimpa sukari inaweza kupanda ukafurahi, kisha ikashuka tena usiku. Mama tulimpeleka hospitali siku ileile, wakambadilishia dawa. Mzee wako akishindwa kumeza usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.