Mkuu, usifunge hizo nyuzi za 13 kwenye banjo. Zangu zilipasua ngozi na kung'oa shingo

Weka hiyo pakiti chini. Kabla hujasoma mstari wa pili, iweke chini.

Umeandika kwamba umepata banjo ya nyuzi sita, wewe ni mpiga gitaa wa siku nyingi, uzi wa sita unaona umelegea, na kwa bahati nzuri (bahati nzuri!) una seti mpya ya 13, zile nyuzi nene, uliyonunua kwa ajili ya gitaa lako kavu (lisilo la umeme), kwa hiyo jioni hii utaifunga ili banjo ipate besi. Kisha ukauliza kuhusu kapo (kile kibanio cha nyuzi shingoni), piki za vidoleni (zile kucha za bandia za kupigia), na kama lile bakuli la nyuma litolewe au libaki. Hayo mengine yatasubiri. Nilipofika kwenye 13 viganja vilianza kutoka jasho, maana sentensi hiyo nimewahi kuisema mimi, karibu neno kwa neno, na kwa furaha hiyo hiyo.

Banjo yangu niliinunua kwa mtu, ilikuwa imeshatumika. Huyo bwana alijiita fundi. Alinishika bega akaniambia, "Wewe si unapiga gitaa? Basi banjo umeshaijua. Hii ni gitaa lililovaa ngoma." Nikacheka, nikaona nimekutana na mtaalamu. Nikamwonyesha uzi wa sita unavyolegalega kama kamba ya kuanikia nguo. Hakupepesa macho: "Hizo nyuzi nyepesi mno, ndiyo shida yake. Funga nyuzi nzito za gitaa, uone besi itakavyokuja." Mpaka leo sijui kama alikuwa hajui au alikuwa anajua na alitaka tu niondoke na mzigo. Kila nikimkumbuka namhukumu upya, na kila mara adhabu inaongezeka.

Nilifika nyumbani nikang'oa nyuzi zote sita kwa mpigo, kama nifanyavyo kwenye gitaa. Daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi juu ya ngozi ya ngoma, likaanguka. Tik, likalala kifudifudi juu ya ngozi. Nilidhani nimevunja kitu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba daraja la banjo halijagundishwa popote, limesimama pale kwa sababu nyuzi zinalibana, basi. Nikalisimamisha kwa macho, "hapa hapa patafaa", nikaendelea.

Nikafunga uzi wa sita, nikautyuni E. Nikafunga wa tano, A. Nikarudi kwenye wa sita: umeshuka. Nikaupandisha. Nikafunga wa nne, nikarudi: zote mbili zimeshuka. Nilizunguka hivyo labda mara nane huku nikivilaumu vigingi vya kukazia nyuzi, kumbe vigingi havina kosa. Kila uzi mpya niliokaza ulikuwa unalikandamiza daraja, daraja linaikandamiza ngozi, ngozi inazama, na nyuzi nyingine zote zinalegea kidogo. Banjo ilikuwa inaniambia kwa lugha nyepesi kabisa kwamba mzigo umezidi, na mimi nikawa najibu kwa kuongeza mzigo.

Zilipotulia, nikiri ukweli, kwa kama dakika ishirini nilikuwa mfalme. Mlio ulijaa. Nikapiga kodi ya E ya wazi, zote sita, kwa nguvu (kodi za muziki, zile nyingine silipi kwa furaha hivyo). Nikamrekodia rafiki yangu. Hiyo rekodi bado anayo na hukataa kuifuta.

Asubuhi yake nyuzi zilikuwa zinagonga freti (vile vyuma vya kukingama shingoni) kuanzia ya kwanza mpaka kwenye ngoma. Nikachukua rula fupi, nikaipenyeza chini ya nyuzi, nikailaza kwenye ngozi ubavuni mwa daraja. Katikati palikuwa na bonde. Mwanga ulipita chini ya rula kama unavyopita chini ya mlango.

Nikampigia simu yule bwana. Alichosema ni maneno mawili: "Kaza ngozi."

Sasa hapa ndipo hela ilipokwenda, kwa hiyo nisome polepole. Ngozi ya banjo hukazwa na kulabu zilizoizunguka ngoma; yangu ina 24. Mtu yeyote aliyewahi kubadili tairi la gari anajua nati hazikazwi moja mpaka mwisho halafu ukahamia ya jirani. Hukazwa kwa kupishana, hii kidogo, ya upande wa pili kidogo, pungufu ya robo mzunguko, unasikiliza, unarudia. Mimi tairi nimebadili mara nyingi tu. Lakini siku hiyo akili ya tairi niliiacha kwenye gari. Nilianza na kulabu ya kwanza, nikaikaza mpaka ikagoma, nikaenda ya pili, nikaikaza mpaka ikagoma, huku nyuzi za 13 zimekazwa juu yake zote sita. Nilipofika kama ya kumi na tisa, pwaa! Ngozi ilichanika pembeni, pale inapojikunja kwenye ukingo. Daraja lilirukia chini ya kabati na nilikuja kulipata wiki mbili baadaye, limebaki na mguu mmoja na nusu.

Ngozi si kitu, ngozi hubadilishwa. Nilipoigeuza banjo niitazame vizuri ndipo nilipoona msiba wenyewe. Kati ya kisigino cha shingo na duara la ngoma palikuwa na upenyo. Nilichukua karata nikaijaribu, ikaingia mpaka nusu. Shingo ya banjo ile ilikuwa imeshikwa na bolti moja iliyokazwa ndani ya mbao, na nyuzi zilikuwa zimeivuta bolti mpaka mbao ikaanza kumeguka ndani ya tundu. Shingo yenyewe nayo ilikuwa imepinda kwenda mbele, kama upinde. Kwa hiyo hata nisingeichana ngozi, ilikuwa ni suala la siku tu.

Fundi niliyempelekea, huyu wa kweli, aliangalia banjo, akaangalia nyuzi, akaniangalia mimi. Akauliza, "Nani amekwambia?" Sikumjibu. Akacheka kwa muda ambao kwa maoni yangu ulipitiliza. Ikabidi tundu la bolti lizibwe kwa mbao na kutobolewa upya, shingo irudishwe pembe yake, freti zisawazishwe, ngozi mpya, daraja jipya. Jumla ilivuka nusu ya bei niliyonunulia banjo nzima. Msiba wa kujitakia hauna kilio, najua, nimeshaambiwa na kila mtu nyumbani.

Kwa nini 13 ni balaa? Hiyo namba kwenye pakiti ni unene wa uzi wa kwanza kwa sehemu za elfu za inchi. Ya 10 ni kama milimita 0.25, ya 13 ni kama milimita 0.33. Unaona tofauti ndogo, unadharau. Lakini kwa sauti ile ile na urefu ule ule, mvuto wa uzi hupanda kwa mraba wa unene wake. Kumi na tatu mara kumi na tatu ni 169, kumi mara kumi ni 100. Yaani uzi huo mmoja unavuta asilimia 69 zaidi. Seti nzima ya 13 mpaka 56 kwenye gitaa kavu huvuta kwa pamoja zaidi ya kilo 80. Seti ya 10 mpaka 46, zile za gitaa la umeme, ni kama kilo 47. Banjo ya kawaida ya nyuzi tano haifiki hata kilo 35. Umeona sasa unataka kukibebesha nini kile kidude?

Na gitaa lako kavu linaubeba huo mzigo kwa sababu limejengwa kwa ajili yake. Daraja limegundishwa, chini ya ubao kuna mihimili. Kwenye banjo nyuzi zinapita juu ya daraja na kulikandamiza, na chini ya daraja hakuna mhimili wowote. Kuna ngozi. Plastiki nyembamba iliyotandazwa juu ya hewa.

Kinachokutega ni mkia, kile kipande kinachoshika mwisho wa nyuzi. Banjo nyingi za nyuzi tano zinatumia nyuzi zenye kitanzi mwishoni, kwa hiyo mpiga gitaa akija na nyuzi zake zenye kishanga (kile kitufe cha mwishoni) anakwama na kuokoka. Hizi za nyuzi sita nyingi zimetengenezewa mkia unaopokea kishanga. Unaingiza uzi, unakaa vizuri, unajisemea "si unaona, inafaa". Mimi nilisema hivyo hivyo. Hata kiatu cha mtoto ukikisukuma unaingiza vidole viwili.

Sasa huo ulegevu wa uzi wa sita. Mkuu, hautibiki kwa unene, kwa sababu si ugonjwa. E ya chini ya gitaa ni takriban mitetemo 82 kwa sekunde, na ngoma ya banjo ya kawaida ni inchi 11 tu, kama sentimita 28. Kwa hali yake inatoa mlio mkali, wa kukata, unaokufa haraka. Sauti nzito haina pa kukaa mle. Ukifunga uzi mnene hupati besi, unapata tope linalovuma na kufunika nyuzi nyingine. Kinachosaidia ni mkono: uzi wa sita uguse mara chache, uzibe kwa kiganja ukishaupiga, na kodi zako zipigie kwenye nyuzi tatu au nne za juu. Wapo wanaoondoa kabisa uzi mnene wa sita na kufunga mwembamba unaotyuniwa oktavu moja juu. Nimejaribu, si mbaya, ingawa wiki ya kwanza dole gumba linapotea njia.

Na tafadhali wale watakaokuja hapa chini kusema "banjo ya nyuzi sita si banjo, tupa kule", nawaomba mpumzike. Johnny St. Cyr alikuwa anapiga banjo ya nyuzi sita kwenye Hot Five, bendi ya jazi ya Louis Armstrong, kuanzia 1925, na Papa Charlie Jackson alirekodi muziki wa bluzi kwa banjo ya aina hiyo tangu 1924. Shida si chombo. Shida ni sisi wapiga gitaa tunaokiingilia na viatu. Ila mleta mada, kama unachotaka ni ule mlio wa Earl Scruggs, yule mpiga banjo wa Marekani, hiyo ni banjo ya nyuzi tano, na uzi wake mfupi unaanzia freti ya tano. Hutaupata kwa nyuzi sita hata ufunge waya wa umeme.

Kanuni yangu ni moja na nimeilipia: uzi wa kwanza usizidi 10. Tafuta seti iliyoandikwa kabisa kuwa ni ya banjo ya nyuzi sita. Ukikosa, seti nyepesi ya gitaa la umeme inayoanzia 10, au 9. Mtu akikwambia 11 haina neno, muulize kama yuko tayari kulipia shingo.

Ukishapata, badilisha uzi mmoja mmoja. Toa mmoja, funga mmoja, tyuni, ndipo uguse wa pili, ili daraja lisitoke mahali pake. Kabla hujagusa chochote weka alama ndogo za penseli kwenye ngozi pembeni ya miguu ya daraja. Likikuangukia hata hivyo, pima: kutoka pale nyuzi zinapoanzia kichwani mpaka freti ya 12, urefu huo huo kutoka freti ya 12 mpaka kwenye daraja. Halafu sogeza kidogo kidogo mpaka noti ya freti ya 12 ilingane na ya uzi wa wazi, oktavu moja juu. Na usiligundishe. Mimi lile daraja jipya nililigundisha? Hilo tusiliongelee.

Ngozi gonga kwa kidole karibu na ukingo, nyuzi ukiwa umezizuia kwa mkono mwingine. Wengi wanaitaka ilie karibu na noti ya G. Ikilia kama meza, imekazwa mno. Ikilia kama boksi, imelegea.

Kapo: ya gitaa lako inaingia vizuri, shingo ni pana vile vile. Ila kama ina springi kali itazivuta hizi nyuzi nyembamba na noti zitapanda, kwa hiyo bora ile ya kukaza kwa skrubu. Ulikuwa umeuliza na kitu kingine, nadhani kuhusu piki, ila nimeshapanda presha.

Usifunge kitu leo. Chukua rula, ilaze kwenye ngozi pembeni ya daraja, piga picha kwa ubavu ili mwanga uonekane. Piga na nyingine pale kisigino cha shingo kinapokutana na ngoma. Ziweke hapa. Na uniambie hizo nyuzi zilizopo sasa hivi ni za namba ngapi, maana kama aliyekuuzia ni yule yule bwana, inawezekana 13 zimeshafungwa.