Kitabu cha safari cha kuchekesha: kisome polepole, tena kwa sauti

Kiangazi kikikaribia, marafiki huniuliza wabebe kitabu gani likizoni. Jibu langu ni lilelile: kitabu cha safari cha zamani, kile cha kuchekesha. Sharti langu ni moja tu, usikisome kama riwaya. Riwaya inakuhimiza ufike mwisho ujue nani kafanya nini, ilhali hapa utamu wote uko njiani.

Tazama Three Men in a Boat cha Mwingereza Jerome K. Jerome, kilichotoka mwaka 1889. Vijana watatu na mbwa wao, Montmorency, wanapanda Mto Thames kwa mashua kutoka Kingston hadi Oxford. Kisa ni hicho tu. Lakini kuna mahali wamekaa kula, wakatoa kopo la nanasi, kumbe hawana cha kulifungulia. Wanajaribu kisu, wanajaribu mkasi, mwishowe wanaliponda kwa jiwe na mlingoti wa mashua, na kopo halifunguki. Jerome anasimulia pambano hilo kwa utulivu, pigo baada ya pigo, kama mtu anayesimulia vita vikuu.

Ukurasa kama huo usomee watu. Ukisoma kimoyomoyo, macho yanakimbilia kichekesho kabla hakijaiva. Ukitamka, unalazimika kupumua pale mwandishi alipoweka mkato, na wasikilizaji wanaanza kuhisi kinachokuja. Kwetu tunapokezana: msomaji akizidiwa na kicheko, kitabu kinahamia kwa aliye karibu naye.

Tena usiruke sehemu zisizochekesha. Jerome alikusudia kuandika juu ya mto wenyewe na historia yake, ndiyo maana utakutana na wafalme, makanisa na machweo. Karibu na Goring wanaukuta mwili wa mwanamke aliyekufa maji, na kitabu kinanyamaza ghafla. Mimi nakipenda zaidi kwa sababu ya kurasa hizo. Zinaonyesha kwamba anayetuchekesha ana moyo.

Mwandishi Mmarekani Mark Twain anahitaji mpango mwingine. The Innocents Abroad, cha mwaka 1869, kinasimulia safari ya Wamarekani waliopanda meli ya Quaker City mwaka 1867 kwenda Ulaya na Nchi Takatifu. Toleo la kwanza lilizidi kurasa 600. Lakini sehemu kubwa ilianza kama barua za gazetini, basi kisome hivyo, sura moja leo, nyingine kesho. Anza hata na Genoa, mji wa Italia, ambako kiongozi wa watalii anawaonyesha kwa fahari mwandiko wa Columbus, nao wanauchambua kana kwamba ni daftari la mtoto wa shule. Tahadhari moja: anapofika Palestina, Twain anawasema wenyeji kwa dharau. Ukiwa na vijana, someni pamoja na mlizungumzie jambo hilo waziwazi.

Mwenye siku chache achukue Travels with a Donkey in the Cévennes cha Robert Louis Stevenson, cha mwaka 1879. Cévennes ni milima ya kusini mwa Ufaransa. Kitabu ni kifupi, na punda wake Modestine, asiyekubali kuharakishwa, anatosha kukibeba.

Hakimiliki za vitabu hivi vitatu zimekwisha katika nchi nyingi, kwa hiyo utavipata bure kwenye intaneti. Kiingereza cha Jerome ndicho chepesi zaidi, anza naye. Na uwe na ramani ya Thames mkononi, ufuate mji kwa mji.